Zamu ya Kavugho

Mimi ndiye ninayepanga wasomaji.
Daftari ninalo, kalamu ninayo, na miaka kumi na mmoja
nimekuwa nikiiruka ile moja,
ya themanini na nane,
kama mtu arukavyo ufa kwenye mawe ya mlima,
asiangalie chini.

Kanisa letu la mbao, hapa Majengo, limeketi juu ya moto uliopoa.
Lililotangulia liko chini yake,
mabenchi, ngoma, sahani ya sadaka,
vimefungwa humo kama kokwa ndani ya tunda.
Mvua ikinyesha hatuoni tope. Maji yanapotea tu,
yanaingia kwenye vitundu vyeusi, hayaagi.

Nilipenda zile za mchungaji na majani mabichi.
Nilipenda za matarumbeta, watu wasimame,
wanakwaya wakung'ute vumbi la volkeno mabegani.
Nilidhani Mungu ni mgeni mheshimiwa:
humpeleki jikoni kwenye moshi,
humwonyeshi mtoto mwenye homa,
unamkalisha sebuleni, unamwambia, huku sisi wazima.

Mwezi wa tano akaja Kavugho, muuza makala,
kucha nyeusi, kitenge cha juzi.
Mume wake alikwenda upande wa Kibumba
kuchimba viazi. Ilirudi chukudu yake,
inasukumwa na mtu mwingine,
jembe limefungwa juu,
udongo haujakauka kwenye jembe.
"Shemasi," akasema, "nipe ile unayoificha."

Nikamwambia: Mama, ile haina mwisho mwema.
Nyingine zikilia, hufuta machozi mstari wa mwisho.
Ile inaingia gizani na kufunga mlango.
"Ndiyo maana naitaka," akanijibu.
"Huko ndiko ninakoishi."

Jumapili akasimama. Kusoma hajui sana.
Alibeba neno moja moja
kama abebavyo bidoni la maji kutoka ziwani,
akitua, akivuta pumzi, akijitwika tena.
Alimwambia Mungu mbele yetu sote
kwamba amemwita tangu alfajiri na hajajibiwa.
Hakupaza sauti. Hakuomba radhi.
Akafika kwenye giza, akafunga kitabu.

Hakuna aliyesema amina.
Mpiga kinanda aliinua mikono, akaisahau hewani.
Nje chukudu ilikuwa ikishuka,
gurudumu la mbao linalia.

Ndipo nilipoona, mimi mwenye daftari:
maneno haya hayakuandikwa na mpagani.
Yamewekwa humo humo, kati ya nyimbo za hekalu,
yakapewa namba, yakapewa mwimbishaji,
na Yule anayelaumiwa ndiye aliyeyatunza.
Mfalme gani huhifadhi mashtaka yake
ndani ya kitabu cha sifa zake?

Na kumbe anayemgombeza bado anamwita wewe.
Hajasema yeye. Hajageuka kumsengenya kwa majirani.
Wewe, wewe, wewe, hata gizani,
ana kwa ana na asiyemwona.
Hiyo nayo ni ibada. Huenda ndiyo ngumu kuliko zote.

Najua kitabu kinaishia wapi. Mwishoni ni matoazi matupu,
kila pafu limeitwa, hata la mbuzi.
Lakini huko hakuendi ndege.
Ni kwa mguu, juu ya mawe makali,
kandambili zinakatika,
na ukurasa huwezi kuukunja ukapita.

Kavugho alirudi kwenye benchi. Mama Nzigire akamsogezea nafasi,
akamfunika magoti kwa nusu ya kitenge chake.
Mchungaji alikuwa na mahubiri ya kurasa nne.
Yakabaki mfukoni.
Tukakaa. Sijui muda gani.
Pembeni mwa Zaburi kuna neno dogo
ambalo hata wasomi hawalijui vizuri.
Wengine husema maana yake: tua hapa.

Jioni nilifungua daftari.
Mahali pa kuandika wimbo uliofuata somo
niliandika: haukuwepo.
Kisha kwenye Jumapili inayokuja nikaandika tena jina lake,
na mbele ya jina nikaacha nafasi,
achague mwenyewe.